Bibi Glavu na Kichupa Namba Saba

"Hivi, dada, ni kweli ulimwibia mtoto wa kaka yako nyama ya tumbo?"

Aliyeuliza alikuwa jirani yake, mshona nguo wa nyumba ya pili. Alimuuliza asubuhi moja juu ya ukuta wa uani, pini tatu zikiwa bado zimebanwa midomoni, kana kwamba anauliza kama maji yameshatoka. Wala hakuuliza kwa siri. Cherehani ilikuwa imesimama, na wateja wawili waliokaa kwenye benchi walinyamaza kabisa ili jibu lisije likawapita.

Aliyeulizwa alikuwa anaanika mashuka. Akabana kibanio cha mwisho, akasema, "Sikuiba. Mama yake alisaini."

"Haya." Mshona nguo akachomoa pini moja mdomoni. "Wifi yako hasemi hivyo."

Na kweli wifi yake hakuwa akisema hivyo. Miezi tisa sasa alikuwa akisema mengine. Alikuwa ameyasema dukani, kliniki, kwenye foleni ya maji na hata mlangoni pa nyumba ya ibada, watu wakiwa bado wanavaa viatu: kwamba huyu msomi wa familia alikata kipande cha tumbo la binti wa kaka yake wa damu, akakimbia nacho kama kunguru aliyenyakua sabuni, na hata jicho hakumtupia mtoto.

Mwanamke mwenyewe alikuwa na miaka arobaini na sita. Alizaliwa na mama aliyepika kwenye bweni la shule na baba fundi redio, na kutoka kwa baba alichukua ule uvumilivu wa kuinamia kitu kidogo siku nzima bila kukitukana. Alisoma akasoma mpaka watu wa mtaani wakaacha kuuliza anasoma nini. Hakuolewa. Kaka yake alioa, akawa dereva wa malori ya masafa marefu, mtu wa kuonekana nyumbani siku nne kwa mwezi. Wawili hao walirithi kiwanja kimoja chenye nyumba mbili zinazotazamana, na katikati ni hatua kumi na tisa za uwanja. Nyumba moja akakaa yeye. Nyingine akakaa wifi na mtoto wao wa pekee, msichana wa miaka kumi aliyeitwa Kidoti kwa sababu ya alama nyeusi ya kidevuni. Jina hilo alimpa shangazi mtu mwenyewe, siku mtoto alipozaliwa.

Kazini aliitwa Bibi Glavu. Hilo halikuwa jina la mapenzi.

Kazi yake ilikuwa kuchunguza ule utando mwembamba unaofunika utumbo kwa ndani. Aliwahi kumweleza Kidoti, enzi zile bado wanazungumza, wamekaa kizingitini wanamenya viazi.

"Ndani ya kila seli ya mwili wako kuna kitabu kikubwa cha maagizo," alimwambia. "Hicho hakitoki kabatini. Kukiwa na kazi ya kufanywa, unanakiliwa ukurasa mmoja kwenye kikaratasi, kikaratasi kinatoka na kwenda kusomwa. Hicho kikaratasi ndicho RNA."

"Halafu?"

"Halafu viko vingine vifupi mno. Kazi yao ni kuvifuata vile vikubwa na kuvinyamazisha, visisomwe ovyo."

"Kama mwalimu wa zamu."

"Kama mwalimu wa zamu hasa!" Shangazi alicheka mpaka kiazi kikamponyoka.

Akamweleza na utando. Seli zake zimesimama bega kwa bega, safu moja tu, zimeshikana kwa kitu kama gundi, na agizo la kutengeneza gundi hiyo huja kwa kikaratasi. Watoto fulani matumbo yao huwaka moto, wakila wanajikunja, wanakonda mpaka shingo inakuwa kama ya kifaranga. Yeye alishuku kwamba kwa watoto hao mwalimu wa zamu amepitiliza. Ananyamazisha hata vikaratasi vya gundi. Seli zinaachiana mikono, na vya tumboni vinapenya kwenda kusikotakiwa. Hilo ndilo alilolitafuta miaka sita. Wala hakujua siku ile, kisu mkononi, kwamba huyu anayemenya naye viazi baada ya miaka miwili atakuwa mmoja wao.

Sasa, RNA ina tabia moja mbaya: inakufa upesi. Ngozi ya binadamu yeyote, hata aliyetoka kuoga, ina vimeng'enya vya kuikatakata. Kidole kikigusa, imekwisha. Tone la mate likiruka kwenye kichupa wakati mtu anaongea, imekwisha. Na kipande kikishakatwa kutoka mwilini, huanza kuharibika chenyewe ndani ya dakika chache. Kwa hiyo Bibi Glavu alibandika utepe mwekundu kuizunguka meza yake, mezani mpaka sakafuni. Ndani ya utepe huo hakuna mkono mtupu, hakuna kuazima pipeti, kile kibomba cha kunyonyea matone, hakuna kuongea juu ya kichupa kilichofunguliwa. Wenzake waliona anawaona wachafu. Walimkata jicho, wakapita mbali, na akiingia chumba cha chai mazungumzo yalibadilika. Hata mitaani alitembea mikono ameinyanyua kifuani kidogo, kama mtu anayesubiri kupewa taulo, maana alishazoea kutogusa.

Mmoja tu ndiye aliyemtania usoni, mzee aliyetunza mafriza, Mzee wa Barafu. "Wewe siku ukifa," alimwambia, "malaika wa kukuchukua utamwambia avae glavu kwanza."

"Na aache kuongea," alijibu, na yule mzee akacheka peke yake, kwa sababu Bibi Glavu alikuwa ameshageukia kazi.

Hospitali na maabara vilikuwa ndani ya uzio mmoja, na ukumbi mrefu kati yake, hatua mia moja na arobaini. Alizihesabu. Watoto sita wa kwanza vipande vyao viliharibikia kwenye ukumbi huo. Kimoja kiliachwa juu ya trei muuguzi akipokea simu, kingine mbebaji alisimama kusalimia. Alipokuja kuvipima alikuta RNA imesambaratika, kwenye jeli ya kupimia inaonekana kama wino uliomwagikiwa maji. Profesa, mkuu wa maabara, alimwambia mbele ya watu, "Miaka mitano unatuletea matope." Basi akala kiapo kwamba kipande cha mtoto wa saba atakibeba mwenyewe.

Mtoto wa saba akawa Kidoti.

Wifi alisaini fomu bila shida. Wakati ule walikuwa bado wanapakuliana chakula, na wifi alisema, "Kama wewe ndiye utakayekuwepo, mimi nina wasiwasi gani?" Daktari wa hospitali akaingiza mpira wenye kamera, akachukua vipande vya vipimo vya mtoto mwenyewe, na kimoja zaidi cha utafiti, kidogo kama punje ya mchele iliyovunjika. Dawa ya usingizi ilikuwa inaisha. Kidoti alifumbua macho, akamwona shangazi yake kwenye barakoa, akamjua, akanyoosha mkono.

Muuguzi alivuta kiti. "Kaa naye kidogo, shangazi mtu. Anakuita."

"Sina muda wa kukaa," akasema.

Akakipokea kichupa kwa vidole viwili vyenye glavu, akakitumbukiza kwenye chupa ya naitrojeni ya baridi kali iliyokuwa inafuka moshi, na akatoka mbio. Ukumbini alimpita wifi yake aliyekuwa kwenye benchi. Hakufungua mdomo. Hakugeuza hata shingo. Alikuwa anahesabu hatua.

Ilifika nzima. Mistari miwili kwenye jeli, alama ya RNA isiyoharibika, safi kama ya daftari jipya. Na vile vikaratasi vifupi, mwalimu wa zamu, vilikuwepo mara ishirini zaidi ya kawaida. Miaka sita ya kazi ilisimama juu ya kichupa namba saba. Wenye jarida la sayansi walioletewa habari hizo walijibu kwamba ni jambo zito, ila kipimo kirudiwe tena ndipo wachapishe. Na kilichobaki cha kurudia kilikuwa tone moja la hiyo RNA, lisilojaza hata ncha ya kijiko cha chai, limelala kwenye friza la Mzee wa Barafu.

Nyumbani wifi aliacha kumwita wifi. Alimwita "Daktari", na alivyolitamka mtu angedhani ni jina la ugonjwa. "Daktari amerudi. Watoto, ficheni matumbo." Kila Jumamosi Bibi Glavu alivuka zile hatua kumi na tisa na chochote alichonacho, machungwa, mtindi, dawa aliyoifuata mbali. Kila Jumamosi alisimama mlangoni, kwa sababu hakuna aliyemwambia aketi. Viti vya plastiki vilipangwa kimoja juu ya kingine nyuma ya mlango. Wifi alipokea mfuko, akasema "tumeona", akageuka. Kaka mtu aliporudi safari alijitia kiziwi, akalala siku zake nne, akaondoka. Na Bibi Glavu, Mungu amsamehe, alikuwa akiona heri kutoambiwa aketi. Siku zote kulikuwa na kitu maabara kinachomngoja kwa dakika zake.

Ndipo ikaja Jumanne moja, saa nne asubuhi. Mlango wa maabara ulisukumwa na wifi akaingia, kilemba kimekazwa, pochi kwapani. Hakuuliza aelekee wapi. Alipita moja kwa moja, akakanyaga utepe mwekundu, akabamiza barua mezani kwa mkono wake mtupu. Chumba kizima kiliacha kazi.

"Soma."

Alisoma. Ilikuwa barua ya taasisi: mzazi anaombwa kumleta mtoto ili achukuliwe kipande cha pili. Chini kulikuwa na jina lake yeye, na juu ya jina, kwa niaba, saini ya Profesa.

"Wifi, barua hii mimi siijui."

"Jina la nani hilo? La paka?"

"Ni langu, lakini..."

"Cha kwanza hakikukushibisha, sasa unataka cha pili. Mimi nimekuja kuchukua hicho cha kwanza. Nipe nyama ya mwanangu niondoke."

"Nyama haipo, wifi. Ilisagwa siku ileile."

"Ilisagwa." Wifi akawageukia waliokuwepo, mmoja mmoja. "Mmesikia wenyewe? Mtoto wangu wamemsaga. Nyie mnasomea udaktari au mashine ya unga?"

Mtu mmoja nyuma alicheka, akajifanya anakohoa. Profesa akatoka ofisini kwake akitabasamu tabasamu la kupokelea wageni. "Mama, karibu sana, twende ofisini uketi, upate soda."

"Sikuja kunywa."

"Nakuelewa, mama, uchungu wa mzazi tunaujua. Ila nikwambie ukweli, kile kipande kilishatumika chote. Hakuna kilichobaki." Akamgeukia Bibi Glavu, tabasamu likiwa palepale lakini macho yamebadilika. "Au siyo, daktari?"

Wifi hakungoja jibu. Alifungua pochi akatoa karatasi iliyokunjwa mara nane, akaikunjua juu ya meza, akaisoma polepole huku kidole kikifuata maneno. "'Ninaweza kujitoa wakati wowote bila kueleza sababu. Kilichobaki kitaharibiwa mbele yangu nikitaka.'" Akainua uso. "Maneno haya aliandika nani?"

"Niliandika mimi."

Ni kweli. Aliyaandika mwenyewe, akayapitia mara nyingi ili mama yeyote ayaelewe bila kusaidiwa.

"Basi nakuuliza wewe, huyu simuulizi. Kimebaki au hakikubaki?"

Mzee wa Barafu alikuwa anaangalia viatu vyake. Neno moja tu lilitosha, na lilikuwa jepesi: hakikubaki. Wifi angetukana kidogo, angeondoka, kesho yake kipimo kingerudiwa, na wangechapisha. Watoto wengi wangefaidika, nani angedhurika? Alilifikiria hilo kweli kweli, tusimfanye malaika. Halafu aliona kidole cha wifi bado kimewekwa juu ya mstari wake mwenyewe, kimeukandamiza kana kwamba mstari ungetoroka.

"Kimebaki," akasema.

Profesa akamsogelea, akaongea bila kufungua meno. "Ukikitoa hicho, usirudi kwenye meza hii."

Akapiga moyo konde, akaenda kwenye friza. Mzee wa Barafu alimfungulia mlango, na kwa mara ya kwanza hakuwa na utani. Akarudi na kichupa, akakifumbata kiganjani mpaka barafu ikayeyuka, akanyonya lile tone kwa pipeti na kuliweka juu ya kioo kidogo.

Wifi akainama. "Haya ni maji."

"Si maji. Ni yake."

"Yanaharibiwaje? Mnayachoma?"

"Ukigusa kwa kidole, yamekwisha."

"Kidole changu?"

"Cha mtu yeyote. Hata changu."

"Ndiyo maana ya haya maglavu yako."

"Ndiyo."

"Na ndiyo maana ulikimbia."

"Ndiyo, wifi. Dakika zilikuwa chache."

Kwa muda wifi alilitazama tu lile tone, na watu wa chumbani wakadhani hasira imeshuka. Wapi! Aliponyoosha mgongo sauti ilikuwa chini zaidi, na ndiyo ilikuwa mbaya zaidi.

"Kumbe unajua kukihurumia kitu kinachokufa kwa kidole kimoja. Mwanangu alikunyooshea vidole vitano, ukampa kisogo. Na mimi? Ulinipita pale kwenye benchi, mbio, barakoa usoni, hunitazami. Unajua nilidhani nini? Nilidhani amekufa. Nilidhani umeshindwa kuniambia. Niliingia mle ndani nimeshaanza kulia msiba, mtoto akashtuka, akaanza kulia na yeye, tukawa tunalia wote wawili, na wewe ulikuwa huku unachezea jeli. Huna mtoto, wewe. Lakini huyu si alikuwa wako pia?"

Miezi tisa Bibi Glavu alikuwa ameandaa majibu ya wizi, ya saini, ya sheria. Kwa hili hakuwa na hata nusu neno.

Wifi akaweka kidole juu ya kioo, akasugua mara mbili, akakipangusa kwenye nguo. "Haya." Akakunja karatasi yake mara nane, akaondoka, na kiatu chake kiliondoka na kipande cha utepe mwekundu.

Kabla ya saa nane mchana utepe uliobaki ulikuwa umebanduliwa na wenzake, na mtu alikuwa ameshaweka kikombe cha chai juu ya ile meza. Yeye alipangiwa stoo, kuhesabu maboksi ya vichupa vitupu. Profesa aliliandikia jarida kwamba matokeo yale yanaondolewa kwa sababu ya "uzembe wa mtafiti". Chumba cha chai kilikuwa na furaha wiki nzima. Mzee wa Barafu peke yake alimletea kiti stoo, akasema, "Hiki kina mguu mbovu, kaa kwa akili," akaenda zake.

Nyumbani mshona nguo hakukosa la kusema. "Nasikia amekukomesha."

"Alichukua chake," alijibu.

Jumamosi ilipofika alivuka uwanja. Hakubeba machungwa wala mtindi. Mlango wa wifi ulikuwa wazi, na Kidoti alikuwa kitandani karibu na dirisha, amejikunja, chupa ya maji ya moto tumboni, shingo ileile ya kifaranga. Alimwona shangazi yake, akageukia ukutani.

Wifi alikuwa anachambua mchele kwenye sinia. Hakuinua kichwa. "Daktari. Leo umesahau nini kwetu?"

"Sijasahau kitu."

"Mikono mitupu. Basi umekuja kuangalia kama kuna kilichobaki cha kukata."

"Hapana, wifi."

"Kazi wamekufukuza?"

"Wameniweka stoo."

"Wamekuonea huruma." Akatupa jiwe dogo uwanjani, likapita karibu na mguu wa mgeni. "Usigeuke, mwanangu, huyu hakai. Huyu ana haraka zake, sasa hivi utamwona anakimbia."

Kidoti aligeuza uso kidogo tu, jicho moja, kuona kama ni kweli. Shangazi alibaki kizingitini, mikono ile iliyozoea kukaa kifuani akiwa ameishusha, hajui aipeleke wapi. Alitafuta neno la kuomba radhi, akaona yote aliyonayo ni marefu mno, na mengine yana sayansi ndani yake. Nyuma ya mlango vile viti vya plastiki vilikuwa palepale, kimoja juu ya kingine, vina vumbi.

"Sema ulichokuja nacho," wifi akasema. "Maji yangu yanachemka."

"Wifi," akasema, "naomba kiti."